Kichupa, King'amuzi na Runinga: Msamiati wa Chaneli ya Muziki ya Vijana Kama Ulivyopokewa Kyela

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi hufanyika mezani. Hukusanywa orodha ya maneno ya kigeni, huitwa wajumbe, hupimwa mapendekezo, na mwishowe orodha huchapwa na kupelekwa kwa walimu, wafasiri na watumishi wa serikali. Yanayoyapata maneno hayo baada ya kutoka mezani ni jambo tusilolichunguza mara nyingi. Makala haya yanakusudia kulichunguza katika uwanja mmoja mdogo, nao ni msamiati wa chaneli ya televisheni inayoonyesha video za muziki kwa ajili ya vijana.

Uwanja huu nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni uwanja ambamo vijana husikia Kiswahili kwa hiari yao, bila kuamrishwa na mwalimu wala mzazi. Pili, mimi mwenyewe niliwahi kuufanyia kazi, na katika kazi hiyo nilikosea. Kosa hilo nitalieleza mahali pake, kwa kuwa naamini wenzangu wanaoshughulika na istilahi watanufaika nalo.

Mfano wangu mkuu ni East Africa Television, ambayo watazamaji wengi waliizoea kwa jina la Channel 5 au EATV. Mahali nilipouchunguza msamiati wake ni Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Historia kwa ufupi

Wasomaji watakumbuka kuwa televisheni haikufika Afrika ya Mashariki kwa wakati mmoja. Kenya ilianza mwaka 1962. Zanzibar ilianzisha yake mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila televisheni, kwa kuwa serikali haikuiona kuwa jambo la kutangulizwa mbele ya mahitaji mengine ya wananchi. Ni mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kimojawapo kilikuwa ITV, ya kampuni za IPP zilizoanzishwa na Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019.

Chaneli ya muziki mtupu ni fikra iliyotoka Marekani. MTV ilianza New York tarehe 1 Agosti 1981. Ni sadfa ya kupendeza kwamba mwaka huo huo ndipo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kitu na kamusi vilizaliwa pamoja, lakini vilichukua miaka ishirini kukutana. Channel O ilianza Afrika Kusini mwaka 1997. EATV ilitokea Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa mdogo wake ITV, ikajitambulisha waziwazi kuwa chaneli ya vijana. MTV Base ilianza matangazo yake ya Afrika tarehe 22 Februari 2005, ikifungua kwa video ya Mnigeria 2Face Idibia.

Mpangilio huu wa miaka una maana kwa wapenzi wa Kiswahili. Channel O na MTV Base zilizungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa. Laiti kijana wa Tanzania angekuwa na hizo mbili tu, angejifunza kwamba muziki wa kisasa ni jambo la Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni lugha ya darasa la saba na ya mikutano ya kijiji. EATV ilimwonyesha nyimbo za kwao, zikiimbwa kwa lugha yake, baina ya nyimbo za Kampala, Nairobi, Lagos na New York, bila kuona haya. Heshima hiyo ni kubwa, na mhakiki yeyote hapana budi aitaje kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kyela na lugha zake

Wilaya ya Kyela iko katika Mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ni nchi ya bondeni, yenye mpunga na kakao. Kaskazini yake zimeinuka nyanda za juu za Rungwe, mashariki Milima ya Livingstone inashuka hadi ziwani karibu na Matema, na magharibi Mto Songwe unaitenga na Malawi. Lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa, ambacho ng'ambo ya mto, upande wa Karonga, kina nduguye aitwaye Kingonde. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, ya ofisi na ya wageni wapitao Kasumulu.

Mtoto wa Kyela, basi, hukipata Kiswahili kikiwa lugha ya pili, na kwa kawaida hukipata kwa mtu anayemsahihisha. Vijana niliozungumza nao walinieleza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba walipoanza kuitazama chaneli ya muziki ndipo walipokisikia Kiswahili kikichezewa. Kilikuwa na mizaha, na majigambo, na maneno mapya kila wiki. Wengi wao hawakuwa na televisheni nyumbani. Waliitazama katika kibanda cha kuonyeshea mpira na sinema, kile ambacho mitaani huitwa kibanda umiza. Jina hilo pekee latosha kuonyesha kuwa wananchi hawangoji kikao ili waunde neno. Mabenchi yaliumiza, kibanda kikapata jina.

Runinga na luninga

Neno la kwanza la kuhakiki ni jina la chombo chenyewe. Waswahili wamekuwa na maneno mawili, televisheni na runinga. Maelezo yanayotolewa darasani ni kuwa runinga limeundwa kwa kuunganisha rununu, yaani habari zinazoenea kwa masikio, na maninga, neno la kale lenye maana ya macho. Kwa upande wa maana, uundaji huo hauna dosari: chombo cha kusikia na kuona.

Hata hivyo, neno lililoundwa kwa mizizi isiyojulikana na wengi huwa halina kinga. Magazeti mengi yameandika luninga mahali pa runinga, na hakuna msomaji aliyehisi kwamba limeharibiwa kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiliona neno maninga ndani yake tangu mwanzo. Kyela sababu ni mbili. Kinyakyusa hakina sauti r katika maneno yake ya asili, kina l. Kwa hiyo luninga hukaa vizuri kinywani, ilhali runinga hudai juhudi. Mwalimu anayemkosoa mwanafunzi wake kwa kuandika luninga humkosoa kwa kosa ambalo gazeti la asubuhi limelirudia, na ambalo masikio ya nyumbani hayalisikii.

Hapo tunajifunza kanuni ya kwanza. Neno ambalo mzizi wake unaonekana hujilinda lenyewe. Neno ambalo mzizi wake umefichika huhitaji kulindwa na mwalimu kila siku, na mwalimu huchoka.

King'amuzi na kisimbuzi

Neno la pili lina historia ya furaha zaidi. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilizima matangazo ya analojia Dar es Salaam, na miji mingine, Mbeya ikiwamo, ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo mtu aliyetumia antena ya kawaida alihitaji kifaa cha kupokea matangazo ya dijitali. Kifaa hicho kilifika madukani kikiwa na jina lake tayari: king'amuzi.

Mzizi ni kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Kila Mswahili anakijua. Umbo ni la ki-/vi-, ambalo Mnyakyusa hulipokea bila taabu, kwa kuwa lugha yake ina iki-/ifi- inayofanya kazi hiyo hiyo. Kubwa zaidi, neno lilifika pamoja na kitu. Lilisikika redioni, likabandikwa dukani, likatamkwa na fundi aliyepanda paani. Mama mmoja wa Matema aliniambia, "Mwanangu, kile king'amuzi kimegoma tangu mvua ya juzi," wala hakujua kwamba alikuwa amekamilisha kazi ambayo kamati nyingi zimeshindwa kuikamilisha.

Baadaye, katika maandishi rasmi ya mawasiliano, limetumika pia neno kisimbuzi, kutokana na kitenzi simbua. Kitaalamu kisimbuzi lina hoja nzuri: linakwenda na msimbo, na hivyo msimbo na kisimbuzi huwa familia moja. Mfasiri wa kitabu cha uhandisi atalipenda. Lakini maneno mawili kwa kifaa kimoja ni mzigo kwa mtumishi wa wilaya anayeandika tangazo. Mtumishi mmoja alinieleza kuwa aliandika visimbuzi kama waraka ulivyotaka, kisha wananchi wakafika ofisini kuuliza kama serikali imeleta kifaa kingine tena, ilhali hicho cha kwanza walikuwa bado wanakilipia. Kutoelewana huko hakukuletwa na ujinga wa wananchi. Kuliletwa na sisi tunaobadilisha jina baada ya kitu kukaa nyumbani mwa mtu.

Kituo, chaneli na bure

Neno kituo lilitosha zamani, kwa kuwa kampuni iliyotengeneza kipindi ndiyo iliyokuwa na mtambo wa kukirusha. Mfumo wa dijitali ulitenganisha kazi hizo mbili. Kampuni 3 zilipewa leseni za kurusha matangazo ya dijitali kwa mitambo ya ardhini, na wenye vipindi wakawa wapangaji katika mitambo hiyo. Tangu wakati huo ITV na EATV, zenye mwenyewe mmoja, ni chaneli mbili. Mrushaji wake ni mwingine. Na jengo wanamofanyia kazi watangazaji ndilo lililobaki kuwa kituo. Barua inayosema "kituo kimekata matangazo" haielezi ni nani kati yao wa kulaumiwa. Kwa mtumishi anayejibu malalamiko ya wananchi, hilo si jambo dogo. Neno idhaa, ambalo baadhi ya wenzetu wangependa kulifufua hapa, limekwisha kujifunga kwenye redio na kwenye lugha, kama katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, liachwe huko. Chaneli ni neno la mkopo, lakini limekaa.

Neno bure ni hatari zaidi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizuia kampuni zinazouza matangazo ya kulipia kwa setilaiti kuendelea kubeba chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. EATV ilikuwa miongoni mwa chaneli hizo. Kwa watazamaji wa mbali na miji, waliotegemea madishi, hilo lilikuwa na maana ya kuamka asubuhi na kukuta chaneli haipo. Katika maelezo ya siku zile zilitajwa mara kwa mara "chaneli za bure". Lakini bure katika Kiswahili ina maana mbili: kisicho na malipo, na kisicho na thamani. Mtu wa bure si mtu asiyelipwa. Kijana mmoja wa Kyela aliniambia kwa mzaha, "Walituondolea za bure, wakatuachia za maana." Mzaha huo ni uhakiki kamili. Neno lisilolipiwa ni refu zaidi, lakini halitukani kitu linachokitaja. Katika maandishi rasmi litumike hilo.

Kichupa

Sasa nafika kwenye neno lililonipeleka Kyela.

Katika orodha niliyokuwa nikiitayarisha kulikuwa na nafasi wazi mbele ya dhana ya filamu fupi inayoandamana na wimbo mmoja. Nilijaza nafasi hiyo kwa neno nililoliunda mwenyewe, taswirawimbo. Nililipenda. Lilikuwa na mizizi inayoonekana, halikuwa na Kiingereza ndani yake, na mezani halikupata mpinzani. Nililibeba katika daftari langu hadi kwenye kibanda kimoja cha Kyela mjini, nikawauliza vijana watano wanalielewaje. Walitazamana. Mmoja alidhani ni aina ya kwaya. Nilipoeleza maana, aliyekuwa mdogo kuliko wote alisema kwa upole, "Kaka, unamaanisha kichupa?"

Kichupa ndilo neno ambalo vijana na magazeti ya burudani wamelitumia kwa miaka mingi kwa maana ya video ya muziki. Msanii "huachia kichupa", kichupa "huchezwa" katika chaneli, na kichupa kizuri "hukimbiza". Sisi wa istilahi tulikuwa tukilisikia, lakini tulilihesabu kuwa neno la mitaani, na tulipohesabu hivyo tulidhani tumemaliza kazi.

Tulipime kwa vipimo vyetu wenyewe. Je, ni fupi? Ndiyo. Je, linafuata sarufi? Ni la ki-/vi-, kichupa na vichupa, wala halileti mgogoro wa upatanisho kama neno video, ambalo mwanzo wake huwadanganya wengine wakaunda umoja "kideo". Je, mzizi wake unaonekana? Chupa inaonekana kwa kila mtu: chombo chenye kuhifadhi kitu na kukionyesha kwa nje. Wimbo uliokuwa ukisikika tu sasa unaonekana kupitia kioo. Je, lina utata? Lina, kwa maana chupa ndogo nayo ni kichupa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuuliza dukani bei ya kichupa cha dawa akapewa wimbo. Je, linatumika? Linatumika kuliko neno lolote ambalo ofisi yangu imelitoa katika uwanja huu.

Mwalimu mmoja wa sekondari, upande wa Ipinda, alinionyesha insha ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Msichana huyo alieleza jinsi wasanii walivyokuja Matema "kupiga kichupa" ufukweni. Mwalimu alikuwa amepigia neno hilo mstari mwekundu na kuandika pembeni "video ya muziki". Msichana akamfuata na swali: "Mwalimu, kwani video si Kiingereza?" Mwalimu aliniambia kwamba hakuwa na jibu, na kwamba alama moja aliyoikata bado inamsumbua. Akaniuliza mimi, mtu wa Baraza, angejibu nini. Nami sikuwa na jibu siku ile.

Lawama ya chaneli na lawama yetu

Ingekuwa rahisi kuitupia chaneli mzigo wote. Ni kweli ilistahili lawama. Jina lake la mazoea lilikuwa la Kiingereza, na vipindi vyake vingi vilipewa majina kama Friday Night Live na Dance 100%, kana kwamba Ijumaa na ngoma hazina majina. Watangazaji walichanganya lugha mpaka mtazamaji wa Kyela, ambaye Kiingereza chake ni cha darasani, akawa anashika nusu ya sentensi. Majina hayo hayakuzaa kitu. Yalibaki kuwa majina tu.

Lakini chaneli hiyo hiyo ilikuwa na kipindi kilichoitwa Skonga, neno la vijana kwa maana ya shule, na ilionyesha mahojiano ya Salama Jabir yaliyoitwa Mkasi, kwa sababu yalifanywa katika mazingira ya kinyozi. Mkasi ni jina ambalo mtoto wa miaka sita analielewa, na bibi yake pia. Laonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa uwezo. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu wa kukitumia.

Tena tujiulize tulikuwa wapi. Sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ni ya mwaka 1967. Mchango wetu kwa chaneli za vijana ulikuwa lawama zaidi kuliko orodha. Kati ya mwaka 2017 na 2020 waziri aliyesimamia habari, utamaduni na sanaa alikuwa Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela kwenyewe. Hata hivyo, mimi niliyekuwa nikiunda maneno kwa ajili ya vijana wa jimbo hilo sikuwa nimewahi kukaa nao kwenye benchi moja. Kijana wa Mbeya, Rayvanny, alipopata tuzo ya BET huko Marekani mwaka 2017, habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili cha watu wa burudani, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa tayari.

Hali imezidi kubadilika. Vijana wengi sasa hutazama video za muziki katika simu, na chaneli si mlango pekee tena. Maneno mapya hayapiti kwa mtangazaji wala kwa mhariri. Kama tulichelewa wakati mlango ulikuwa mmoja, itakuwaje sasa milango ikiwa elfu?

Mapendekezo

Kutokana na hayo napendekeza yafuatayo:

(a) Video ya muziki liendelee kuwa neno la maandishi rasmi, yaani sheria, vibali na mikataba, ambamo maana moja tu inatakiwa.

(b) Kichupa liingizwe katika kamusi na orodha zetu kwa maana hiyo hiyo, likiwa na alama ya lugha ya mazungumzo. Katika insha ya masimulizi lisihesabiwe kuwa kosa.

(c) King'amuzi libaki kuwa neno la matangazo kwa wananchi. Kisimbuzi liachiwe maandishi ya kitaalamu. Waraka unaotumia la pili ulitaje la kwanza angalau mara moja.

(d) Chaneli, mrushaji na kituo vitofautishwe, na chaneli isiyolipiwa itumike badala ya chaneli ya bure.

(e) Kabla istilahi ya uwanja unaowahusu wananchi wa kawaida haijapitishwa, ipimwe kwanza mahali kitu chenyewe kinapotumika, pasipo maelezo, ili ionekane kama inajieleza.

Hitimisho

Pendekezo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa kuwa linataka nauli na muda. Kutoka Mbeya mjini hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka mezani hadi kwenye benchi la kibanda ni mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo, mimi sioni njia nyingine. Istilahi haisanifishwi kwa kuchapwa. Husanifishwa na fundi, na mama wa Matema, na msichana wa Kidato cha Pili.

Kadi ya taswirawimbo nimeitoa katika sanduku la mapendekezo na kuifuta. Mwalimu wa Ipinda nimemwandikia jibu alilokuwa akilingoja: airudishe ile alama.